Bunduki ya Mifupa: Uchambuzi wa Filamu ya eXistenZ

Watazamaji wangu, karibuni tena. Kabla sijasema lolote kuhusu filamu ya leo, naomba muitazame sahani hii iliyo mbele yangu. Haya ni mabaki ya nusu kilo ya mbuzi choma niliyoinunua leo mchana katika soko la Burma hapa Nairobi, nami nimeyahifadhi kwa makusudi, wala si kwamba mwosha vyombo wa nyumba hii, ambaye ni mimi mwenyewe, ni mvivu. Mifupa hii tutaihitaji baada ya muda mfupi, kwa hiyo msiende mbali.

Filamu yenyewe inaitwa eXistenZ. Iliandikwa na kuelekezwa na David Cronenberg wa Kanada, ilitoka mwaka 1999, na inachukua dakika 97 tu. Hadithi nitaipitia mbio. Allegra Geller, anayeigizwa na Jennifer Jason Leigh, ndiye mbunifu mashuhuri kuliko wote wa michezo ya uhalisia pepe, yaani ile inayomfanya mchezaji ajione yumo ndani ya ulimwengu wa kubuni. Usiku anapoujaribisha mchezo wake mpya mbele ya mashabiki, kijana mmoja anasimama na kumpiga risasi begani, naye anatoroka pamoja na Ted Pikul, yaani Jude Law, kijana wa idara ya masoko ambaye hajawahi kucheza mchezo wa aina hiyo maishani mwake. Ili wajue kama mchezo umeharibika katika vurugu hizo, inawabidi wauingie wote wawili. Waigizaji wengine mtawatambua wenyewe.

Jambo la kwanza mtakaloliona ni kwamba hakuna anayevaa miwani mizito usoni. Kifaa cha kuchezea ni pande la nyama hai lenye rangi ya ngozi, lililokuzwa kutokana na mayai ya wanyama wa jamii ya chura, na lina waya mnene kama kitovu cha mtoto mchanga, ambao huchomekwa katika tundu lililotobolewa mgongoni, karibu na kiuno cha mchezaji. Ukilipapasa linajinyonganyonga na kutoa sauti. Umeme wake ni wewe: nguvu zote linazivuta mwilini mwako, na ukichoka, mchezo nao unalegea. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kwa kuwa wiki jana stima ilipotea mtaani kwetu nikiwa katikati ya kuhariri, na hiyo ndiyo sababu video ya Alhamisi mliipata Jumamosi. Mlioniandikia kunikaripia mlikuwa na haki.

Lakini nataka kulisema vizuri jambo hili la miwani. Mwezi uliopita nililipa shilingi 500 katika jengo moja la maduka hapa jijini ili nicheze mchezo wa uhalisia pepe kwa dakika 10. Dakika mbili kati ya hizo zilikwisha nikirekebisha mkanda, na tatu zikaisha nikifuta jasho la mteja aliyenitangulia. Filamu za zamani zinazoonyesha vifaa vya namna hiyo huchakaa upesi, kwa sababu kifaa kilichoonekana cha ajabu mwaka huo hugeuka taka ya Luthuli Avenue, mtaa wetu wa maduka ya elektroniki, baada ya miaka mitano. Cronenberg aliikwepa hatari hiyo kwa kutoonyesha kompyuta ya kawaida hata moja: simu ya Pikul ni kitu laini cha rangi ya waridi kinachong'aa, na Allegra anakitupa nje ya dirisha la gari mapema kabisa. Ndiyo maana filamu hii, zaidi ya miaka 25 baadaye, haina sura ya kizee.

Sasa turudi kwenye sahani. Ndani ya mchezo, Pikul anajikuta akifanya kazi katika kiwanda ambako vyura na ndugu zao hukatwakatwa ili viungo vyao vitumike kuunda vifaa vya kuchezea. Anaelekezwa akale katika mkahawa wa Kichina ulioko msituni, na aagize chakula maalumu. Chakula kinapoletwa, ni rundo la viumbe waliopikwa wazima, wenye utelezi, wasioweza kutamanisha mtu yeyote. Pikul anakiri kwamba kinamkirihi, na bado mikono yake inaendelea kukitia mdomoni. Anatafuna nyama, anaweka mfupa kando, anachukua mwingine. Halafu anaanza kuiunganisha mifupa hiyo iwe bunduki.

Tazameni mkono wangu. Huu mrefu, wa muundi, ndio mtutu. Huu wa ubavu, uliopinda, ndio mpini. Pikul anachomeka kifundo ndani ya kifundo, na kila kiungo kinatoa mlio mkavu, ko, kama mtu anayevunja vidole asubuhi. Hasiti, wala hatafuti, wala hageuzi mfupa mara mbili kuona unakaa wapi, jambo ambalo mimi, kama mnavyoona, nalifanya kwa mara ya tano sasa. Mikono inajua, na uso wake unaonyesha kwamba kichwa bado hakijajua. Kisha anang'oa meno ya bandia kutoka kinywani mwake, kwa sababu risasi za bunduki hii ni meno ya binadamu, na hapo ndipo tunapoikumbuka silaha iliyomjeruhi Allegra mwanzoni, ambayo nayo ilikuwa ya mifupa na ilifyatua meno. Sisi wa Nairobi, ambao hupanguswa kwa kifaa cha kutambua chuma mlangoni mwa kila benki na kila jengo la maduka, tunaelewa mara moja kwa nini mtu angetaka bunduki isiyo na hata msumari mmoja.

Anamwelekezea Allegra, anatania, kisha hamu nyingine inamjia: amuue mhudumu. Naye anamuua. Wateja wanashtuka, wanaambiwa kwamba ilikuwa ni kutoelewana kidogo kuhusu bili, na wanarudi kwenye sahani zao. Tukio zima ni la dakika chache, na nimelirudia mara sita. Sijaona filamu nyingine inayoeleza kwa usahihi namna hii jinsi mchezo wa kompyuta unavyomshika mchezaji: unafanya jambo kwa sababu mchezo umekuwekea vipande mbele yako, na unagundua ulichokifanya baada ya kukimaliza.

Nilipoitazama mara ya kwanza, niliandika katika daftari langu kwamba waigizaji ni wakavu, kwamba lafudhi zao ni za kubahatisha, na kwamba fedha za mapambo bila shaka ziliisha mapema. Kituo cha petroli kimeandikwa tu kwamba ni kituo cha petroli cha mashambani. Mkahawa wa Kichina umeandikwa mkahawa wa Kichina. Katika jiji hili hata kibanda cha chipsi chenye viti viwili kina jina la kifahari na mstari wa Biblia chini yake, kwa hiyo niliona ni uvivu mtupu. Mara ya pili nilizirudisha lawama hizo mfukoni. Michezo ya bei nafuu ndivyo inavyoonekana: majina ya jumla, wahusika wenye lafudhi ya kuazima, na watu wanaonyamaza wakikusubiri useme sentensi inayofaa. Kuna mwenye duka mmoja, D'Arcy Nader, ambaye asipoambiwa maneno yanayostahili hubaki akitikisa kichwa kama mjusi ukutani, hadi aambiwe neno lililo sahihi ndipo azinduke. Aliyewahi kupiga simu ya huduma kwa wateja akajibiwa na sauti ileile ya kubonyeza moja, kubonyeza mbili, anamjua Nader vizuri.

Najua mtaniuliza kuhusu The Matrix, filamu nyingine ya ulimwengu wa kubuni. Zote mbili ni za mwaka 1999, na ile ilitangulia kwa wiki chache tu kuingia katika majumba ya sinema ya Marekani, ikaimeza hii pamoja na mifupa yake. Ile ina mapigano bora na nguo bora, wala sibishani na mtu. Hata hivyo, ile inamwambia mtazamaji waziwazi upi ni ulimwengu wa kweli na upi ni wa uongo, na hii inakataa kumwambia. Tamasha la filamu la Berlin liliipa eXistenZ tuzo ya Dubu wa Fedha mwaka huohuo kwa mchango wake wa kisanaa, na wazo lake lilizaliwa baada ya Cronenberg kumhoji Salman Rushdie, mwandishi aliyekuwa akiishi mafichoni baada ya kutishiwa kuuawa kwa sababu ya kitabu chake. Ukijua hilo, hofu ya Allegra ya kuwindwa kwa sababu ya kazi yake inakuwa na uzito mwingine.

Asiyeitazama aweke pamba masikioni sasa. Mwisho wake bado unaniudhi. Kugeuza mambo mara moja kulinitosha. Kugeuzwa mara ya pili, kisha mtu aliyetishwa kwa bunduki aulize kama bado tumo mchezoni na picha ikatike hapohapo, kulinifanya nirushe mto. Dada yangu, aliyekuwa ameketi nami, anashikilia kwamba huo ndio mwisho pekee uliowezekana, na tumebishana tangu Jumapili.

Niliikodi mtandaoni kwa fedha ambazo hazifiki bei ya hii nusu kilo, na ninawashauri mfanye hivyohivyo, ila mle kwanza. Wiki ijayo nitaichambua filamu mtakayoichagua ninyi katika kura niliyoiweka kwenye ukurasa wa chaneli. Maoni yenu yaandikeni hapo chini, na mwenye ujuzi wa bucha aniambie ni mfupa upi wa mbuzi unaofaa kuwa kifyatulio, kwa maana huu wangu umevunjika.