Kahawa ya Jaws Corner, Zanzibar: nyota nne, siasa hulipii

Kama umefika Unguja na hujakaa Jaws Corner pale Mji Mkongwe basi kahawa bado hujanywa, na mimi ni mtu wa Dar nina vijiwe vyangu kibao huku. Ni kauwanja kadogo vichochoro vinapokutana, mabaraza ya mawe, muuza kahawa na dele lake, vikombe vile vidogo visivyo na mkono. Kahawa chungu kwelikweli, sukari sahau, ndo maana unatafuta kashata. Menyu hakuna, waifai hakuna, pa kuegemea mgongo napo hamna.

Ila watu hawafuati kahawa peke yake bana. Pale ni ngome ya upinzani miaka na miaka, toka enzi za chama cha CUF mpaka kiongozi wao Maalim Seif alipohamia chama cha ACT Wazalendo 2019 na watu wakahama nae. Siku niliyokaa mimi iliibuka mada ya Mapinduzi ya 1964. Kuna mzee mmoja CCM damu, chama tawala, yeye anakuja kwa ajili ya dhumna tu, familia yao walipata zile eka tatu za shamba alizogawa Rais Karume baada ya 64, sasa huyo usimguse serikali yake kabisa, anakwambia babaangu alikuwa analima shamba la mtu, hata mnazi mmoja hakuwa nao. Mwenzie wa pembeni nyumba ya babu yao ilitaifishwa, iko hapo hapo mjini, kila siku anaipita akienda sokoni, kwahiyo kwake yeye historia ile ile ni dhulma tupu. Na ukimsikiliza kila mmoja unaona kabisa hadanganyi!! Akaingilia kijana kamaliza chuo kazi hana, "wazee wangu nyie mnagombana na 64, mie kura yangu ya kwanza nimepiga 2015, Jecha wa tume ya uchaguzi akaufuta uchaguzi wote". Mzee wa eka tatu akamjibu we subiri uzae kwanza, basi baraza zima kicheko na dhumna ikaendelea.

Mimi nilienda na msimamo wangu wa bara kuhusu Muungano, ule wa darasani, Nyerere kuchanganya mchanga wa Tanganyika na Zanzibar kwenye chungu na nini, nikagundua hauna jasho langu hata tone, nimeupokea tu.

Nyota moja nimekata kwa sababu wanawake hawakai pale. Kinamama wanapita na vikapu vyao, hao wanaojua bei ya mchele na foleni ya hospitali kuliko wote waliokaa, maoni yao huyasikii, kwahiyo usije ukarudi Dar unasema "Wazanzibari wanasema hivi", umesikia wanaume wa baraza moja tu.

Nenda jioni baada ya alasiri ndo panachangamka. Salimia kwanza, picha omba ruhusa, na beba chenji maana noti kubwa utamsumbua tu muuzaji.