Lotte naye alikuwa na pumu

Jina la kitabu linamtaja mume peke yake: Les derniers jours de Stefan Zweig, yaani siku za mwisho za Stefan Zweig. Laurent Seksik, Mfaransa ambaye pia ni daktari, alikitoa mwaka 2010. Mimi nimesoma tafsiri ya Kiingereza. Nilikinunua kwa ajili ya Zweig, nikakimaliza nikimlilia mkewe.

Zweig, mwandishi Myahudi wa Austria, alisomwa Ulaya nzima kabla Wanazi hawajavichoma vitabu vyake. Mwaka 1934 akaihama Austria, akakaa Uingereza, kisha akavuka bahari. Riwaya inaanzia Septemba 1941, yeye na mkewe Lotte wakiwa nyumba ya kupanga Petrópolis, Brazili, mji wa milimani juu ya Rio de Janeiro. Inaishia Februari 1942, walipojiua pamoja. Yeye miaka 60, Lotte 33.

Mimi nina pumu tangu utotoni, Tanga. Najua kuamka saa nane za usiku, ukakaa ukingoni mwa kitanda, mabega juu, mkono unapapasa pampu gizani, na kikohozi unakibana ili mwenzako asiamke. Lotte alikuwa na pumu kweli, na Seksik anaisikiliza pumzi yake kitabibu, bila haraka. Nyumba ina wagonjwa wawili, lakini huzuni ya mume ndiyo inayouguzwa.

Sehemu ya kanivali ndiyo iliyonishika zaidi. Rio inacheza, nami nikatamani wabaki huko huko kwenye ngoma. Habari za vita, kwamba Singapore imeanguka mikononi mwa Wajapani, zikawarudisha mlimani.

Kasoro ipo. Mazungumzo mengine si ya mke na mume kabisa: wanaelezana mambo ambayo wote wawili wanayajua, kumbe anayeelezwa ni mimi msomaji. Tena Seksik anamheshimu Zweig mno. Mara kadhaa nilingoja mtu amuulize, na Lotte je?

Kisomeni, si kirefu. Ila mwenye msiba mbichi, au anayepambana na mawazo ya kujidhuru, akiweke kando kwanza, azungumze na mtu wake wa karibu.

Nilipomaliza nikalitafuta tamko la kuaga aliloliacha Zweig mwenyewe, lenye kichwa cha Kireno, Declaração. Anaishukuru Brazili, anawasalimu marafiki zake wote. Nimelisoma mara tatu nikilitafuta jina la Lotte. Halimo.