Mwanakondoo Mwenye Taji Jekundu: Tathmini ya Cult of the Lamb

Kwa mtu aliyelelewa kanisani, neno Mwanakondoo halihitaji maelezo. Ndiyo maana mpwa wangu wa kidato cha pili, aliyekuja kwetu Nyegezi, Mwanza, kwa likizo, alicheka alipomwona mnyama huyo mweupe akipelekwa kuchinjwa mwanzoni kabisa mwa Cult of the Lamb, kisha akanyamaza alipoona kwamba aliyechinjwa anarudi akiwa na silaha mkononi. Mchezo huu wa video ulitengenezwa na Massive Monster, studio ya Melbourne nchini Australia, na kutolewa na Devolver Digital tarehe 11 Agosti 2022. Mwanakondoo, aliye wa mwisho wa aina yake, anauawa kwa amri ya maaskofu wanne wa Imani ya Kale wanaohofia unabii. Anafufuliwa na mungu aliyefungwa minyororo, anavishwa taji jekundu, naye analipa deni hilo kwa kuanzisha dhehebu kwa jina la mungu huyo na kuwamaliza maaskofu wote wanne.

Upande wa vita hauna mengi ya kusimulia. Unaingia katika mojawapo ya maeneo manne, kuanzia misitu ya Darkwood hadi utando wa buibui wa Silk Cradle, ukiwa na silaha ambayo hukuichagua wewe: mara upanga, mara shoka zito, mara kisu chepesi kinachokulazimu kumsogelea adui. Vyumba hupangwa upya kila unapoingia, kadi unazopata njiani hukuongezea uhai au nguvu, na safari moja huchukua kama robo saa. Ni vita vitamu, vyenye mwendo mwepesi, ila aliyezoea michezo ya aina hii atagundua mapema kwamba silaha ni chache na kwamba maadui wanarudia mbinu zilezile.

Uzito wa mchezo uko kambini, yaani makao ya dhehebu lako, na ustadi wa watengenezaji uko katika namna walivyozifunga pande hizi mbili zisiweze kuachana. Wafuasi na mali hutoka vitani, mahubiri unayowapa wafuasi kila siku ndiyo yanayokuongezea nguvu za vita, na saa ya kambini haisimami kukusubiri. Nikiwa Anura nikipambana na vyura, wafuasi 11 niliowaacha nyuma walikuwa wakila akiba, wakizeeka, wakijisaidia ovyo na kuugua kwa uchafu huo, huku Heket, askofu wa eneo hilo, akiwa na laana ya njaa inayoipiga kambi nzima. Ukirudi unakuta mambo matatu ya kuangalia, yaani imani, njaa na magonjwa, na kabla ya jambo jingine lolote unazoa kinyesi, ambacho kwa bahati nzuri kinafaa kuwa mbolea ya shamba. Imani ikishuka sana, mfuasi mmoja anaanza kuwahubiria wenzake dhidi yako. Unamtia kwenye mkatale katikati ya kambi, ambako kila anayepita anamwona, na unamfundisha upya kila siku hadi akubali.

Mafundisho ya dhehebu unayatunga mwenyewe. Kila hatua inakupa amri mbili, unachagua moja, na nyingine inafungwa moja kwa moja. Mojawapo ya chaguo hizo inahusu wazee: unaweza kuamuru kwamba waheshimiwe, au unaweza kuamuru kwamba imani ya kambi ipande mzee anapouawa. Wazee katika mchezo huu hawafanyi tena kazi, lakini wanakula. Nilikaa na swali hilo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu naishi katika kanda ambayo vikongwe waliuawa kwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu, mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, na ambayo watu wenye ualbino waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao. Huku kwetu neno kafara halichekeshi. Amri nyingine inakuruhusu kutangaza mfungo ambao kwa siku tatu hakuna anayehitaji chakula na hakuna anayedhurika. Mchezo ulitoka miezi minane kabla ya Aprili 2023, yalipoanza kufukuliwa makaburi ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa huko Shakahola nchini Kenya, ambako miili zaidi ya 400 ilipatikana.

Sisemi kwamba watengenezaji wa Melbourne walipaswa kuyajua hayo. Nasema kwamba mchezo wao umefanikiwa pale ambapo mahubiri mengi dhidi ya manabii wa uongo yanashindwa: haukuambii kwamba kiongozi wa namna hiyo ni mwovu, bali unakupa daftari la chakula na vitanda, na baada ya siku kadhaa unajikuta ukihesabu watu kama anavyohesabu yeye. Kasoro yake ni kwamba unaharakisha kucheka. Michoro ni ya kupendeza mno, macho ya wafuasi ni makubwa kama ya vikaragosi vya watoto, na ukishachagua amri zinazokufaa na kujenga kituo cha usafi, hakuna dhambi inayokugharimu. Katika theluthi ya mwisho kambi yangu ilijiendesha yenyewe, nami nikawa natoa mahubiri kwa mazoea tu.

Kuna pia uvuvi, ambao ni kubonyeza kitufe ili samaki abaki ndani ya alama. Gati hilohilo moja linatoa samoni, pweza na kamba wakubwa. Mvuvi yeyote wa Mwaloni, soko letu la samaki hapa Mwanza, angeomba aonyeshwe ziwa hilo liko wapi.

Bei yake wakati ulipotoka ilikuwa dola 24.99, yaani karibu shilingi 58,000 za Tanzania, na kadi ya mtandaoni niliyoitumia ilikataliwa mara mbili kabla ya malipo kupita. Hakuna maandishi ya Kiswahili. Toleo la kwanza lililalamikiwa kwa hitilafu, lakini masasisho ya bure yamefuata, na lile la Agosti 2024 liliruhusu watu wawili kucheza pamoja kwenye mashine moja, wa pili akiwa Mbuzi. Ningemshauri anayeanza leo acheze hivyo, na mzazi asidanganywe na sura ya mwanakondoo akamwachia mtoto mdogo peke yake.

Tulikuwa na mfuasi chura niliyempa jina la Babu, ambaye alizeeka na kufa usiku. Mchezo ulituuliza tufanye nini na maiti: kuizika, au kuchukua nyama ikapikwe. Chakula kilikuwa kimebaki cha siku moja, na vifaa vya kaburi tulikuwa tumevitenga kwa ajili ya vitanda.

"Mjomba, huyu tumzike tu," mpwa wangu alisema, bila kuondoa macho kwenye skrini.

Tukamzika. Wafuasi wawili walikwenda kulia kaburini asubuhi, na watatu waliokosa vitanda walilala chini siku mbili zaidi.