Goblini wanne barabarani: tathmini ya boksi la kuanzia la Dungeons & Dragons la 2014

Boksi hili lilipotoka mwaka 2014 bei yake Marekani ilikuwa dola 19.99. Langu limenifikia hapa Morogoro likiwa la mtumba, kona moja imepondeka, kwa shilingi elfu sabini. Ndani mna kijitabu cha kanuni cha kurasa 32, kitabu cha kisa cha kurasa 64 kiitwacho Lost Mine of Phandelver, karatasi za wahusika watano walioandaliwa tayari, na dadu sita. Basi. Hamna ramani ya kutandika mezani wala visanamu vya wahusika. Sisi tunachora kwa chaki juu ya meza ya plastiki, na vizibo vya soda ndiyo majeshi: vya Fanta ni maadui, vya Coca-Cola ni wachezaji.

Kwa asiyeujua mchezo huu: msimamizi mmoja anasimulia mahali palivyo na kuwachezesha maadui wote, kila mchezaji ana mhusika wake mmoja, na dadu ya pande 20 ndiyo inayoamua kama pigo limempata mtu au limepita hewani. Vita huweza kula nusu ya jioni yenu. Ndiyo maana vita vibaya vinachosha kuliko kitu kingine chochote mezani. Adui amesimama, nawe umesimama, mnapokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, mpaka namba ya uhai wa mmoja iishe. Nimekaa kwenye meza za namna hiyo, watu wakiperuzi simu wakisubiri zamu.

Waliotunga kisa hiki walilijua tatizo hilo, na jibu lao liko kwenye pambano la kwanza kabisa. Njiani wamelala farasi wawili waliokufa, wamechomwa mishale yenye manyoya meusi. Vichakani wamejificha goblini wanne, vijitu vidogo vikorofi vya hadithini, wawili kila upande wa barabara. Kitabu hakikuachii tu idadi yao ukapambane nayo. Kinakuambia kila mmoja atafanya nini. Wawili wanakimbilia kupigana kwa karibu, wawili wanabaki umbali wa mita kama tisa wakipiga mishale. Na goblini ana kipaji kimoja kidogo chenye kuudhi kweli kweli: katika zamu ileile aliyopiga, anaweza kuchomoka bila kupigwa anapoondoka, au kujificha tena. Uhai wake ni 7 tu, pigo moja zuri linammaliza. Lakini kwanza umwone.

Halafu kinakuja kile ninachokipenda kuliko vyote. Wakianguka watatu, wa nne anakimbia. Mezani kwangu mdogo wangu aliacha dadu hewani. "Dada, kumbe na goblini anaogopa kufa?" Shemeji akasema amfuate, dada mkubwa akasema ni mtego, wakabishana mpaka chai ikapoa. Njia aliyokimbilia ndiyo inayoelekea pangoni kwao, kwa hiyo kumkimbiza ni kuingia sura inayofuata bila msimamizi kulazimisha chochote. Sentensi moja ya kitabu imefanya kazi hiyo yote.

Sasa lawama. Mimi ni mwalimu wa hesabu, niacheni nipige hesabu. Kwa kanuni za 2014 goblini mmoja ana thamani ya pointi 50, zile zinazopima ugumu wa pambano, wanne ni 200, na kwa kuwa maadui wamezidi wawili na hawajafika saba, jumla inazidishwa mara mbili: 400. Kwa wachezaji wanne wa ngazi ya kwanza, yaani wahusika wao ndio wanaanza, 400 kamili ndipo linapoanzia daraja la juu kabisa la hatari, lile la kuua. Wakiwa watano daraja hilo linasogea hadi 500, na pambano linahesabika kuwa gumu tu. Tofauti ya mtu mmoja! Kitabu cha msimamizi cha 2024 kimeufuta ule uzidishaji, na ukikifuata, vita hivihivi vinasomeka kuwa vya daraja la chini. Namwamini nani? Mshale wa goblini ni dadu ya pande sita ukijumlisha 2, yaani unaweza kufika 8, na mchawi wa ngazi ya kwanza mara nyingi hana uhai wa kuzidi hapo. Nawaamini wale wa 2014. Kundi langu likiwa la wanne, naweka goblini watatu vichakani, na wa nne anatokea raundi ya tatu, anatoka kujisaidia, suruali mkononi. Mchawi anabaki hai na meza nzima inacheka.

Pango lenyewe ni darasa. Kijito kinatoka ndani, na juu ya njia kuna daraja lenye mlinzi. Akiwaona, anawaashiria wenzake walioko kwenye mabwawa mawili ya juu. Wanabomoa kizuizi na maji yanashuka kuwasomba wavamizi. Huko ndani mnyapara wao, Klarg, ana mbwamwitu wake. Ila chumba cha maana ni cha Yeemik, msaidizi wake. Yeye hapigani. Anamburuta mateka, mtu wa upande wenu, mpaka ukingoni mwa genge na kutaka mpatane: mkamuue Klarg, bosi abaki yeye. Mkimtekelezea anageuka na kudai fidia ndipo amwachie mtu wenu. Goblini ana siasa! Tangu hapo, kila nikitunga pambano langu naanza na swali la adui anataka nini, ndipo nahesabu uhai wake.

Joka la kijani la kijiji cha Thundertree limetungwa kwa akili hiyohiyo. Lina uhai 136, na pumzi yake ya sumu ni dadu kumi na mbili za pande sita, balaa kwa kundi la ngazi ya tatu. Lakini likifikishwa nusu linaruka na kwenda zake, maana halina sababu ya kufia pale.

Kinachonisikitisha ni mwisho. Yule mchawi aitwaye Buibui Mweusi, adui mkuu anayetajwa kisa kizima, ana uhai 27, sawasawa na Klarg mliyemkuta mwanzoni. Kufikia hapo wahusika wamekomaa, na asipowekwa mbali nyuma ya buibui wake anaweza kumalizwa kabla hajapata zamu. Mimi ninamwongezea uhai mara mbili na kumpa njia ya kutokea.

Jingine: boksi linakuonyesha mapambano mazuri lakini halikufundishi kuyapima. Zile hesabu zangu hazimo humu, zimo kwenye vitabu vingine.

Mkiwa wachezaji watano, na juu yao msimamizi asiyeona uvivu kusoma, nunueni. Siku hizi utalipata zaidi kwa mkono wa pili, kwa sababu 2022 lilitoka boksi jingine lenye kisa kingine. Kabla hujatoa hela hesabu dadu. Langu lilikuja bila ile ya pande 12, na mpaka leo tunaitupa kwenye simu.