Riwaya za Kikristo na kumbukumbu za wamisionari: uzoefu wangu

Kuna watu wakisikia unasoma riwaya za Kikristo wanakuhurumia. Wanadhani ni mahubiri yaliyovishwa hadithi, na kusema kweli nyingi ndivyo zilivyo. Binti kapotea, kijana mcha Mungu anatokea, sura moja kabla ya mwisho binti anapiga magoti, kisha harusi. Za namna hiyo nimezisoma tele na nitazidi kuzisoma, maana kuna siku mtu unataka tu kujua mapema kwamba mambo yataisha salama. Lakini zile ninazozirudia ni zile ambazo mwandishi hakuwa na haraka ya kumtetea Mungu.

Redeeming Love ya Francine Rivers naiweka katikati ya aina hizo mbili. Ilitoka mwaka 1991, nayo ni habari ya nabii Hosea iliyohamishiwa California ya miaka ya 1850, watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu. Angel aliingizwa kwenye ukahaba akiwa mtoto. Michael Hosea, mkulima, anamwoa, naye anatoroka. Anarudishwa, anatoroka tena. Wapo wanaolalamika kwamba anachosha kwa kurudia yale yale. Mimi hapo ndipo Rivers aliponishika. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba upendo unalipiwa, ataamini vipi kwa wiki moja kwamba huu ni wa bure? Anayenichosha ni Michael. Hana kasoro hata ya dawa, na akikasirika hasira yenyewe imekaa kitakatifu. Nyota nne. Wazazi tu wawe macho: yanayompata Angel utotoni ni mazito, si kitabu cha kumpa mtoto eti kwa sababu ni cha Kikristo.

Kwa wamisionari, naanza na Helen Roseveare, daktari Mwingereza aliyekwenda Kongo mwaka 1953 na kufanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Nebobongo. Mwaka 1964 waasi wa Kikongo walioitwa Simba walimkamata na kumtendea unyama, na alipoandika hayo hakuyapamba. Kurasa hizo zinasomwa kwa moyo mzito. Ila kisa chake ninachokipenda kuliko vyote ni cha kabla ya uasi. Amechoka, amekuwa mkali wodini, anawafokea watu, hata mwenyewe hajipendi. Mchungaji mmoja Mkongo aliyeitwa Ndugu anamchukua akapumzike kijijini kwake. Jioni, kando ya moto, mchungaji anachora mstari wima mavumbini kwa kisigino. Huu ni "mimi", anamwambia, na shida yako ndiyo hiyo: tunamwona Helen mno hata hatumwoni Yesu. Kisha anamkumbusha jinsi anavyopenda kahawa, na kwamba ikiwa ya moto huishika mkononi akingoja ipoe. Wakati huo wa kungoja, omba. Akapitisha kisigino kukata ule mstari, mavumbini pakabaki msalaba.

Angalia ni nani anayesimulia. Ni daktari, Mzungu, mwenye hospitali yake, na anajiandika akikemewa na Mwafrika, tena anamtaja huyo Mwafrika kwa jina. Vitabu vingi vya kimisionari, vya karne ya 19 hasa, havifanyi hivyo. Mpishi ni mpishi tu, mkalimani ni "yule kijana", na wabeba mizigo hawana hata nyuso. Unafika mwisho wa kitabu mwandishi akimshukuru Mungu kwa njia iliyofunguka, bila kusema ni nani aliyeifyeka. Siku hizi nikianza kumbukumbu ya mmisionari nafanya jaribio dogo: natazama sura mbili za mwanzo kama kuna mwenyeji mwenye jina na mwenye neno la kusema. Kama hakuna, huwa nakiweka kando bila majuto.

Sasa Elisabeth Elliot, mmisionari Mmarekani, aliyenifanya hasa niandike haya. Tarehe 8 Januari 1956 mumewe, Jim, na wamisionari wenzake wanne waliuawa kwa mikuki na Wawaorani, kabila la msituni, kando ya mto Curaray huko Ekuador. Kitabu chake kuhusu hayo, Through Gates of Splendor, kilitoka 1957, mwaka mmoja tu baadaye. Kwa msisimko sijaona cha kukilinganisha nacho. Ile sehemu ya rubani Nate Saint, mmoja wa hao watano, akizungusha ndege juu ya kijiji, kamba ndefu ikining'inia na ndoo ya zawadi, hadi ndoo inatulia chini karibu isimame kabisa na mtu akaweza kutoa kilichomo, niliisoma nikairudia hapo hapo. Wasomaji wengi wa Elliot wanaishia na hicho, na kinatosha kumfanya mtu atamani kufunga mizigo.

Miaka tisa baadaye akaandika riwaya, No Graven Image. (Asiyependa kujua yatakayotokea aruke aya hii.) Margaret Sparhawk ni mmisionari kijana kwa Waquichua wa milima ya Ekuador. Anampata Pedro, mtu pekee anayeweza kumsaidia kutafsiri Biblia. Pedro anaugua mguu, Margaret anamdunga penisilini, mwili unaikataa dawa. Anaomba kwa nguvu zake zote, Pedro anakufa. Na kitabu hakikuletei sura ya kueleza kumbe ilikuwa na faida gani. Wakristo wengi walichukia riwaya hii, nami nawaelewa, ingawa kwangu ni nyota tano. Haina ule utamu wa Rivers, mwanzo wake unajikokota, na mazungumzo ya wamisionari wakiwa wao kwa wao yana kejeli ambayo wengine wataiona chungu. Lakini sijasoma riwaya nyingine ya Kikristo inayomheshimu msomaji kiasi hicho.

Nilidhani Elliot ameitunga tu, mpaka niliposoma These Strange Ashes, kumbukumbu aliyoitoa mwaka 1975 kuhusu mwaka wake wa kwanza kazini, kabla hajaolewa. Alikuwa akijifunza lugha ya Wakolorado, kabila jingine la Ekuador, kupitia mtu mmoja, Macario, na Macario akauawa. Baadaye sanduku lenye kazi yote ya Elliot ya lugha ile likaibwa, na nakala hakuna.

Kwa anayetaka kuanza, mpangilio wangu ni huu: Through Gates of Splendor kwanza, kisha riwaya, na These Strange Ashes mwisho. Ukianza na hicho cha mwisho, kifo cha Pedro utakiona kinakuja kutoka mbali. Roseveare anasomeka wakati wowote, ila si usiku kabla ya kulala. Na kama unachotafuta ni harusi tu, Rivers yupo, sikulaumu.