Gaita za nyoka za dola 90: miguu salama, mikono jitafutie

Nianze na jibu, maana wengine mna haraka. Kama unafanya kazi au unatembea nje ya njia katika majani na mawe ya jangwa la Arizona, nunua gaita hizi za kukinga miguu na nyoka. Kama unatembea kwenye njia pana mchana kweupe, unaona unapokanyaga, baki na hela yako, vaa buti na suruali ndefu. Na ile pampu ya kunyonya sumu wanayoiweka karibu na kaunta ili uikumbuke ukiwa unalipa, iache hapo hapo.

Sitaji kampuni. Muundo huu unashonwa na kampuni kadhaa na tofauti kubwa niliyoiona dukani ni rangi na bei.

Gaita ni kinga ya mguu inayoanzia juu ya buti ikakomea chini ya goti. Zangu nje ni nailoni nzito ya rangi ya vumbi, na ndani mna vibao vya plastiki ngumu, polikaboneti, vilivyoshonewa kwenye mifuko mbele na kandokando. Zinafungwa kwa klipu tatu za plastiki, na mkanda mwembamba unapita chini ya soli ili zisipande juu. Ipo aina nyingine isiyo na vibao, ya kitambaa kilichofumwa kwa kubanwa mno ili jino lisipenye. Hiyo ni nyepesi, inakunjika ukaitia mkobani, na bei yake inakimbia. Niliivaa dukani nikazunguka nayo kati ya rafu, nikaivua, nikarudi kwenye za dola 90.

Sababu ya kuzihitaji ni nyasi. Usiku natunza wazee hapa Tucson, na baadhi ya Jumamosi najitolea na kikundi kinachong'oa nyasi milimani. Cha kuchekesha ni kwamba nyasi zenyewe ni za kwetu Kenya. Huku wanaziita buffelgrass. Makueni tunaziita ndata kivumbu, na wako akina mama wanaozipanda, wakavuna mbegu, wakauza kwa kilo. Wamarekani walizileta kwa ajili ya malisho ya ng'ombe, na mbegu iliyosambazwa kutoka Texas miaka ya 1940 asili yake ilikuwa Turkana. Sasa ni adui namba moja. Zinajaza nafasi zilizokuwa wazi kati ya mimea ya jangwa, zikikauka zinabeba moto kutoka mti hadi mti, na saguaro, yale madungusi marefu yenye mikono mnayoyaona kwenye picha, hayakuumbwa kuvumilia moto. Basi Mkamba mzima nimevuka bahari nije kung'oa malisho ya babu yangu kwa mtaimbo. Babu angenichapa.

Ukiwahi kung'oa nyasi hizi utaelewa habari ya nyoka. Kila shina ni tuta la majani makavu yaliyorundikana miaka na miaka. Chini yake kuna kivuli na kuna panya. Arizona ina aina 13 za nyoka wa njuga, wale wenye pingili mkiani wanazozitikisa zikalia kukuonya, kuliko jimbo lolote la Marekani, na wengi wao wanapenda kivuli na panya. Tunayekutana naye zaidi ni Crotalus atrox, mnene, ana alama za almasi mgongoni na mikanda meusi na meupe mkiani kabla ya njuga. Kuna pia yule wa Mojave, ambaye sumu yake inaweza kugusa mishipa ya fahamu pamoja na kuharibu nyama, na huyo hakuna anayetaka hata kumpiga picha.

Aliyekulia na bafe hatapata shida kumwelewa nyoka wa njuga. Hakufukuzi. Anajilaza pale pale akitegemea rangi yake, wewe upite. Zaidi ya bafe, huyu ana njuga, ila usiweke maisha yako kwenye njuga. Wengine hawapigi kabisa mpaka umewakanyaga. Na mwezi wa Juni nyenje wa jangwani wanalia kutwa hadi masikio yanaziba, hata njuga ikilia huisikii vizuri. Halafu achana na ile hesabu ya kwamba kila pingili ya njuga ni mwaka mmoja. Pingili inaongezeka kila anapojivua gamba, na kwa mwaka anaweza kujivua zaidi ya mara moja, na za mwisho zinakatika.

Umbali anaofikia akiruka ni kama theluthi hadi nusu ya urefu wake. Nyoka wa mita moja aliyejikunja chini hakufikii kiunoni, anafikia kifundo na muundi. Hapo ndipo gaita inapolipa.

Je, zinazuia meno? Zangu hazijawahi kuumwa, kwa hiyo sitakuapia. Ninachoweza kukuapia ni miiba. Kuna dungusi hapa linaitwa cholla, vipande vyake vinachomoka ukivigusa tu, na kila mwiba una vijino vya kurudi nyuma, ukiingia kwenye nyama unatolewa kwa koleo na machozi. Nimepita katikati ya cholla na gaita hizi, nikatoka na vipande vinne vimeng'ang'ania kwenye nailoni, nikavikwangua kwa kitana cha plastiki na hakuna mwiba uliofika kwenye soksi. Kwa hilo peke yake dola 90 zimerudi.

Kasoro zipo. Ya kwanza ni kimo. Aliyechora vipimo alikuwa na picha ya mwindaji wa futi sita kichwani. Mimi ni mfupi, na ile saizi ndogo kabisa inanigonga nyuma ya goti nikipiga magoti, na kazi yenyewe ni ya kupiga magoti. Nimeikunja ukingo wa juu nikaushona kwa uzi wa nailoni, ikakaa. Ya pili ni joto. Vibao havipumui. Tunaanza kazi jua halijachomoza, na ikifika saa tatu asubuhi soksi unaweza kuzikamua. Ya tatu ni kelele: vibao vinasuguana, kwach kwach, kila hatua. Mwanzo ilinikera, siku hizi sijali. Ile sehemu ya kubandika karibu na klipu ya chini imeshajaa mbegu za nyasi na haishiki tena, lakini klipu zenyewe ni imara.

Kingine, wauzaji hawakukisema. Vibao vinaishia juu ya buti. Ukivaa raba za kukimbilia chini ya gaita, umelinda muundi ukaacha kifundo na unyayo ambako nyoka anaanzia. Buti liwe la ngozi, lipande juu ya kifundo, gaita ilalie juu yake.

Sasa habari ya mikono. Ilikuwa Septemba, baada ya mvua, kipindi ambacho nyoka wadogo wanakuwa wamezaliwa na wakubwa wanatembea. Mzee mmoja wa kikundi chetu, mstaafu wa posta, mtu makini kuliko sisi sote, gaita zake mpya kuliko zangu, alichokonoa shina kwa mtaimbo, likalegea, akaliinua kwa mkono wa kushoto. Hakuna njuga iliyolia. Alisema "ah" kwa sauti ya mtu aliyechomwa na sindano, akarudi nyuma, akaketi. Penye shina la kidole gumba palikuwa na tundu moja na mkwaruzo pembeni yake, damu kidogo tu. Nyoka tulimwona akijivuta polepole chini ya jiwe, wala si mkubwa.

Kiongozi wetu hakupandisha sauti. Alimwambia avue saa na pete upesi kabla mkono haujavimba. Pete ya ndoa ikagoma, ikatoka kwa mate. Mmoja akapiga 911, namba ya dharura ya huku. Kiongozi akatoa kalamu ya wino mzito, akachora mstari kwenye ngozi uvimbe ulipofika, akaandika saa kando yake. Baada ya dakika kama kumi na tano akachora mwingine juu zaidi. Mistari hiyo ilipanda kutoka kwenye gumba hadi kuvuka kifundo cha mkono kabla hatujafika barabarani, na ngozi ikaanza kung'aa kwa kujaa. Hakufunga kamba, hakuchanja, hakuweka barafu. Mkono uliwekwa umetulia, usawa wa moyo, naye akatembezwa taratibu kwa sababu gari lilikuwa karibu.

Hapo ndipo pampu ilipotokea. Kijana mmoja mgeni, kwa moyo mwema kabisa, alifungua kisanduku cha manjano akatoa bomba lenye kikombe cha plastiki, lile lile linalouzwa kaunta kwa dola 17. Kiongozi akamwambia alirudishe mkobani. Njiani akatueleza: mwaka 2004 watafiti walidunga watu waliojitolea kimiminika kisicho na madhara mguuni, chenye alama ya mionzi ili kipimike, wakaweka pampu ya namna hiyo. Kilichotoka ni asilimia 0.04. Yaani hakuna kitu. Sumu haikai kwenye tundu ikisubiri kunyonywa, inatawanyika ndani ya nyama papo hapo, na kikombe kile kinaweza kuongeza jeraha juu ya jeraha. Nilipokuwa namsikiliza nilikuwa naliona jiwe jeusi la nyoka lililokuwa kwenye kabati la nyanya yangu, limefungwa kitambaa, ambalo kijiji kizima kilikuwa kinakuja kuazima. Wamarekani nao wanalo jiwe lao, ila la kwao lina maelekezo kwa lugha mbili na risiti.

Kinachotibu ni antivenomu, dawa ya kupinga sumu ya nyoka, na hiyo iko hospitali. Marekani kuna mbili kwa nyoka hawa: CroFab, inayotengenezwa kwa kingamwili za kondoo, iliidhinishwa mwaka 2000, na Anavip, ya farasi, mwaka 2015. Ya kwanza wanaanza na chupa nne hadi sita, ya pili wanaanza na kumi, na wakiona uvimbe haujasimama wanaongeza. Chupa moja kwenye bili ya hospitali inakwenda maelfu ya dola. Mzee ana bima ya wastaafu, na bado karatasi alizoletewa alizikunja akatia kwenye droo bila kusoma mpaka mwisho. Kidole kilipona, ila anasema asubuhi za baridi hakikunjiki vizuri.

Kwa hiyo nyota nne kati ya tano kwa gaita, kwa kazi ziliyoahidi. Nyota inayobaki nimeikata kwa kimo na joto, siyo kwa mkono wa mzee, maana hakuna aliyesema zinalinda mikono. Ni sisi tunaovaa kinga mguuni tukahisi mwili mzima umevaa. Siku hizi nafanya hivi: mtaimbo unaingia kwanza, unayapasua majani pande zote mbili, natazama chini, ndipo mkono unafuata. Glavu za ngozi nazivaa kwa ajili ya miiba tu. Meno ya Crotalus atrox mkubwa hayaulizi glavu.

Kwa hizo dola 17 za pampu, nunua tochi nzuri. Miezi ya joto nyoka hawa wanatembea jioni na usiku, na wengi wanakanyagwa na watu wanaokwenda kutupa taka wakiwa wamevaa malapa. Halafu weka kwenye simu namba ya kituo cha sumu, 1-800-222-1222, inafanya kazi Marekani nzima, saa zote, bure. Tumewahi kuipigia kwa ajili ya nge na walikuwa na subira na Kiingereza changu cha usiku wa manane. Mtu akiumwa na nyoka, lakini, anza na 911.

Mnaoniuliza kama mnunulie watu wa nyumbani: mdogo wangu aliona picha akataka zake. Nilimwambia shambani gambuti na tochi zinamtosha, aache kuingiza mkono kwenye rundo la kuni asiloliona ndani, na jirani akiumwa apelekwe hospitali ya kaunti, siyo kwa mwenye jiwe. Akaendelea kuomba. Nikampelekea jozi kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Anazivaa kwenye boda boda msimu wa matope, na ameniambia kule stejini wenzake wawili wameulizia bei.