Upasuaji safi, wodi sitaki kuisikia

Upasuaji wenyewe sina la kuulaumu. Mama yangu, aliyevuka miaka 80, aliteleza akavunjika shingo ya mfupa wa paja, pale nyongani. Daktari wa mifupa alitueleza bila haraka: mfupa umeachana, damu haikifikii kichwa cha mfupa sawasawa, kwa hiyo kuufunga kwa skrubu kuna hatari ya kushindikana. Afadhali kuweka kichwa cha mfupa cha bandia. Akapitia kwa mbele, katikati ya misuli, bila kuikata ile mikubwa. Mshono nimeuona kwa macho yangu, hauzidi urefu wa kiganja. Nilimshukuru huku machozi yananitoka.

Kesho yake ndiyo iliyoniharibia. Daktari alishaagiza, sote tukisikia, kwamba mama ashushwe kitandani siku hiyo hiyo akanyage. Asubuhi ikapita, mchana ukapita. Fremu ya kutembelea imeegemezwa ukutani, hakuna wa kuisogeza. Mama akamwita nesi wa zamu: “Mwanangu, nisaidie nisimame.” Yule dada, macho kwenye simu, akamjibu: “Bibi, na umri huo unakimbilia wapi? Lala.”

Lala! Mzee akilazwa tu, misuli inalegea, kichomi kinamnyemelea, vidonda vya kulalia vinaanza, damu inaganda miguuni. Anapasuliwa mapema ili ainuke mapema. Kama mtamwacha kitandani kama gogo, mkato mdogo wa nini? Usiku ule akaanza kuchanganyikiwa, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Najua hali hiyo huwapata wazee wengi baada ya upasuaji, hata waliohudumiwa vizuri, na siwezi kuapa kwamba nesi ndiye chanzo. Lakini kila nikikumbuka lile “lala” damu inanichemka.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipopatikana hatimaye, mama alifika mlangoni kwa miguu yake! Sasa anatembea kwa mkongojo, maumivu kidogo sana. Kwa hiyo nisiwapotoshe: mzee akivunjika nyonga msingojee, mpelekeni hata pale, kwa daktari yule ningempeleka mama tena. Ila pale asilale peke yake hata usiku mmoja. Kabla ya kusaini, ulizeni nani atamwinua kesho yake, na saa ngapi. Wakianza kuzungukazunguka, tafuteni kwingine siku hiyo hiyo.

Na mpaka leo mama hajaombwa radhi.